Karakana Nne na Saa Moja: Kiwanda cha Magari Kinavyofanya Kazi

Kiwanda kamili cha magari kina karakana kubwa nne: ya presi, ya kuchomelea bodi, ya rangi na ya kuunganisha. Injini na gia boksi mara nyingi hutengenezwa katika kiwanda kingine, huku viti, taa, vioo, tairi na nyaya zikitoka kwa makampuni ya nje. Gari moja likihesabiwa hadi skrubu ya mwisho lina vipande vipatavyo 30,000, na vingi kati ya hivyo kiwanda hupokea vikiwa tayari. Kazi yake chenyewe ni bodi, rangi na uunganishaji. Juu ya hizo kuna kazi ya nne ambayo mgeni haioni kwa urahisi, nayo ndiyo ngumu kuliko zote: kuzifanya karakana zenye tabia zisizofanana zifuate saa moja.

Presi kubwa hutoa kipande kila baada ya sekunde chache, lakini hutoa vipande vya aina moja tu kwa muda mrefu kabla haijabadilishwa. Roboti za kuchomelea hazichoki, ila moja ikikwama huwasimamisha wenzake wote waliomo kwenye mstari. Rangi ni kemia na haikubali haraka, kwa hiyo bodi hukaa humo saa nane au zaidi. Kwenye uunganishaji wanafanya kazi watu. Hutoka gari moja karibu kila dakika, na magari mawili yanayofuatana huweza kutofautiana rangi, injini na hata upande wa usukani. Mikanda, ghala za katikati, taa za ishara na mbao za matangazo zilizojaa kiwandani zipo kwa sababu ya tofauti hizo.

Saa ya kiwanda huanzia sokoni. Kiwanda chenye zamu mbili za saa saba na nusu kina dakika 900 za kazi kwa siku. Kikihitajika kutoa magari 900, kila kituo kina sekunde 60 za kumaliza sehemu yake na kulipisha gari. Huo ndio muda wa kituo. Kila kitu hupimwa kwa muda huo: idadi ya watu, idadi ya roboti, urefu wa mkanda, hata umbali kati ya rafu ya vipuri na mkono wa mfanyakazi. Kituo kimoja kikizidisha sekunde tano kwa kila gari, mwisho wa siku kiwanda kizima kimepoteza karibu dakika 70, yaani karibu magari 70. Mahali ambapo muda wa kituo ni dakika moja, hakuna kuchelewa kudogo.

Mpangilio huu ulipata sura yake mwaka 1913 katika kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan. Kazi ya kuunganisha chesisi ya Model T, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 za mfanyakazi, ilishuka hadi dakika 93 baada ya chesisi kuanza kuvutwa mbele ya watu waliosimama mahali pamoja. Wafanyakazi waliichukia kazi hiyo na wakaacha kwa wingi. Januari 1914 kampuni ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya uliokuwepo, na kabla ya hapo haikuwa rahisi kuwaweka watu kwenye mstari. Viwanda vyote vilivyofuata vimeurithi mkanda pamoja na swali lake: mtu anawezaje kurudia kitendo kilekile mara mia kadhaa kwa zamu bila kuumia wala kukosea?

Karakana ya presi hupokea chuma kikiwa koili za bati zenye uzito wa tani kumi na zaidi. Bati la nje la mlango au boneti lina unene wa milimita 0.7 hivi. Koili hukunjuliwa, bati likanyooshwa na kukatwa vipande bapa, kisha vipande vikaoshwa na kupakwa mafuta mepesi ili viteleze vinapovutwa. Mstari wa presi huwa na mashine nne hadi sita. Ya kwanza, ambayo huweza kukandamiza kwa nguvu ya tani 2,000 au zaidi, hulipa bati umbo. Zinazofuata hukata kingo, hutoboa matundu na kukunja midomo. Kati ya mashine na mashine, mikono yenye vikombe vya kunyonya hubeba kipande na kukiweka mahali pake palepale kila mara.

Thamani ya karakana hii imo ndani ya kalibu kuliko presi zenyewe. Kalibu ni jozi ya vyuma vizito, dume na jike, vinavyokutana na kuliacha bati katikati na sura mpya. Kila hatua ya kila kipande ina jozi yake, hivyo ubavu mmoja wa gari hudai kalibu nne au tano, na nyingine zina uzito wa tani makumi. Huchongwa na mashine zinazoongozwa na kompyuta, lakini umaliziaji bado ni wa mkono. Fundi hupaka wino wa bluu upande mmoja, huzikutanisha, hutazama mahali wino ulipohamia, na kusugua pale palipozidi. Hurudia hivyo siku baada ya siku. Bati nalo lina ukaidi wake. Likivutwa kupita kiasi hupasuka, likilegezwa hukunjamana, na presi ikiinuka hurudi kidogo kuelekea lilikotoka, kwa hiyo kalibu huchongwa kwa pembe iliyozidi ile inayotakiwa. Seti kamili ya kalibu za gari jipya hugharimu mamilioni mengi ya dola, na haifai kwa gari jingine lolote.

Mwisho wa mstari, chini ya taa ndefu nyeupe, wakaguzi hupitisha viganja vyenye glavu nyembamba juu ya kila bati. Kila baada ya muda kipande kimoja huwekwa mezani na kusuguliwa taratibu kwa jiwe refu la kunolea. Jiwe huacha mikwaruzo myepesi juu ya vilima na kuruka mabonde, na kwa namna hiyo dosari ambayo jicho lisingeiona hujichora yenyewe. Bonde lenye kina kidogo kuliko unene wa unywele halisumbui kitu kwenye bati tupu. Likishapakwa rangi nyeusi inayong'aa, mnunuzi ataliona akiwa hatua tano kutoka garini. Kwa kazi hiyo kiganja cha mkaguzi mzoefu bado kinaaminiwa kando ya kamera.

Shida kubwa ya presi ni kubadilisha kalibu. Zamani kazi hiyo ilichukua saa kadhaa, na viwanda vikubwa vya Marekani viliikwepa kwa kutenga presi kwa kipande kimoja au kushindilia maelfu ya vipande na kuvirundika ghalani. Toyota ya miaka ya 1950 haikuwa na soko wala fedha za kufanya hivyo. Taiichi Ohno, aliyesimamia uzalishaji, na Shigeo Shingo, mshauri wa viwanda, walichukua njia nyingine. Kazi zote zinazoweza kufanywa presi ikiwa bado inapiga, kama kuleta kalibu mpya karibu na kuandaa bolti, ziliondolewa kwenye muda wa kusimama. Zile zilizobaki zikarahisishwa moja baada ya nyingine. Mwaka 1969 presi ya tani 1,000, ambayo kubadilisha kalibu yake kulichukua saa nne, ilifikishwa dakika tatu. Leo kalibu huingia juu ya meza zenye magurudumu na kujifunga zenyewe. Hata hivyo presi bado hufanya kazi kwa mafungu, na ndiyo maana kati yake na karakana ya bodi kuna ghala la vipande vya kutosha saa au siku chache.

Si kila bati hushindiliwa baridi. Nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, inayopaswa kumlinda abiria gari likigongwa ubavuni, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye boroni kilichopashwa hadi nyuzi zaidi ya 900. Hukandamizwa kikiwa chekundu ndani ya kalibu inayopitishwa maji, na kupozwa ghafla humohumo. Hutoka na uimara wa takriban megapaskali 1,500, mara kadhaa ya bati la kawaida.

Karakana ya bodi huyakusanya mabati hayo mia kadhaa na kuyafanya kitu kimoja, hasa kwa uchomeleaji wa nukta. Bodi moja ya gari la chuma ina nukta kati ya 3,000 na 5,000. Kila nukta huzaliwa kwa namna ileile. Ncha mbili za shaba hubana mabati kwa nguvu ya kilo mia kadhaa, mkondo wa umeme wa ampea 10,000 hivi hupita kwa chini ya nusu sekunde, na chuma kilicho katikati huyeyuka na kuganda kikiwa kifungo chenye upana wa milimita tano au sita. Maji hupita ndani ya ncha muda wote kuzipoza. Zinki iliyopakwa juu ya bati kuzuia kutu hung'ang'ania shaba na kuiharibu, kwa hiyo baada ya nukta mia kadhaa roboti huenda yenyewe kwenye kikatio kidogo kilicho pembeni, huchonga ncha zake na kurudi kazini.

Nukta mbaya kwa nje hufanana na nukta nzuri, na huo ndio wasiwasi mkubwa wa karakana hii. Mabati yanaweza kuonekana yameshikana kumbe yamebusiana tu. Kwa hiyo hupimwa kwa mawimbi ya sauti, na tena kwa njia ya kale: mkaguzi hupenyeza patasi kati ya nukta mbili na kuigonga kwa nyundo aone kama kifungo kinashika. Mara kwa mara bodi nzima huchukuliwa na kuraruliwa nukta kwa nukta. Kuitoa sadaka bodi moja ni gharama ndogo ukilinganisha na kuyaita tena magari elfu kumi yaliyokwisha kuuzwa.

Usahihi wa umbo unategemea vishikizo. Kila bati lina matundu ya marejeo yanayoingia kwenye pini za kishikizo kabla vibano havijafunga. Sakafu, mbavu mbili na paa hukutanishwa katika kituo kimoja kikuu, na hapo ndipo sura ya gari huamuliwa. Pini ikilika kwa nusu milimita, mlango utakaofungwa baadaye utakuwa na mwanya mpana juu na mwembamba chini. Kwa sababu hiyo kamera na mionzi ya leza hupima kila bodi inayopita, na wahandisi hutazama zaidi mwelekeo wa vipimo kuliko kipimo kimoja: vikianza kusogea upande mmoja, pini hubadilishwa kabla bodi mbaya haijatoka.

Roboti ya kwanza ya viwandani, Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, ikichomoa vipande vya moto kutoka mashine ya kusubu. Karakana ya bodi ya sasa ina mamia ya roboti ndani ya uzio, na watu wake wamepungua sana. Waliobaki hupakia vipande vidogo kwenye vishikizo na kuitunza mitambo. Lango la uzio likifunguliwa, eneo zima husimama. Kila fundi anayeingia hufunga kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu na kutembea na ufunguo mfukoni, na mkuu yeyote wa zamu, hata akibanwa na ratiba kiasi gani, hana ruhusa ya kuliondoa.

Tangu mwaka 2020 Tesla imekuwa ikisubu sehemu ya nyuma ya Model Y kwa alumini katika mashine yenye nguvu ya kubana ya tani 6,000, ikichukua nafasi ya vipande vipatavyo 70. Mamia ya nukta na roboti zake huondoka kwa mpigo mmoja. Gharama imehamia kwingine, kwa kuwa kipande kikubwa cha kusubu kikipasuka kwenye ajali hakinyooshwi kwa nyundo kama bati, na fundi wa mtaani hana la kukifanyia.

Bodi huingia karakana ya rangi ikiwa na mafuta, vumbi la chuma na alama za mikono. Huoshwa kwa mfululizo wa madimbwi na manyunyu, hupakwa tabaka jembamba la fosfeti au zirkoni linalosaidia rangi kushika, kisha huzamishwa nzima ndani ya dimbwi la praima. Hapo umeme hutumika. Bodi huunganishwa na upande mmoja wa mkondo, dimbwi na upande mwingine, na chembe za rangi huvutwa hadi kwenye kila pembe, ndani ya vizingiti na mashimo ambayo bomba la kupulizia lisingefika. Tabaka la mikroni 20 hivi likishajengeka, lenyewe huzuia umeme, na rangi huanza kutafuta mahali ambapo bado ni patupu. Ford ilianza kuitumia njia hii miaka ya mwanzo ya 1960. Gari la leo kukaa miaka mingi bila kutoboka kwa kutu kunatokana nayo na bati lenye zinki kuliko rangi ya juu ambayo matangazo huisifia.

Baada ya kuoka praima kwa nyuzi 160 hadi 180, maungio huzibwa kwa gundi nzito, chini hupakwa kinga ya mawe, na bodi hupanguswa. Baadhi ya viwanda hutumia brashi kubwa zinazozunguka zenye manyoya ya mbuni au emu, kwa sababu manyoya hayo huokota vumbi bila kukwaruza. Rangi yenyewe hupulizwa na roboti zenye vikombe vinavyozunguka makumi elfu ya mara kwa dakika, huku matone yakipewa chaji ya umeme ya makumi elfu ya volti ili yaifuate bodi badala ya kupeperuka. Hufuata tabaka angavu la juu linaloleta mng'aro na kuzuia jua. Yote kwa pamoja, kuanzia praima, hayazidi sana mikroni 100, sawa na karatasi ya daftari.

Hewa ndiyo kifaa kikubwa zaidi cha karakana hii ingawa haionekani. Huchujwa, hurekebishwa joto na unyevu, hushuka kutoka darini hadi sakafuni bila kukoma, na kubeba ukungu wa rangi uliokosa bodi kwenda kunaswa kwa maji au kwa unga wa chokaa. Kupasha hewa hiyo na matanuri hula umeme na gesi kuliko karakana nyingine yoyote, mara nyingi karibu nusu ya nishati ya kiwanda kizima. Renault ilipofungua kiwanda chake cha Tanger, Moroko, mwaka 2012, iliweka matanuri ya kuni na kokwa za zeituni kwa ajili ya joto la karakana ya rangi, kwa kuwa huko ndiko moshi wa kiwanda cha magari unakotoka.

Wafanyakazi huvaa mavazi yasiyotoa nyuzi na kupita kwenye chumba cha upepo kabla ya kuingia. Vipodozi vyenye silikoni vimepigwa marufuku, hata mafuta ya nywele na dawa za kwapa, kwa kuwa chembe yake moja hewani huifanya rangi mbichi ijikunje na kuacha tundu la duara. Mstari ukisimama ghafla, vipande vya karakana ya presi na bodi zinazochomelewa hungoja tu, ila bodi zilizo ndani ya tanuri huendelea kuokwa na zilizo dimbwini huendelea kulowa, na zote huwa mashakani. Wasimamizi wa rangi kwa hiyo hukubali mapumziko yaliyopangwa na huogopa yale ya ghafla kuliko wenzao wa karakana nyingine.

Rangi huvuruga pia foleni. Bodi zenye dosari hurudishwa kusuguliwa na kupigwa upya, na kubadilisha rangi hupoteza dawa ya kusafishia, kwa hiyo bodi nyeupe hupangwa zifuatane. Uunganishaji unataka mpangilio mwingine kabisa. Ukipewa magari kumi mfululizo yenye paa la kioo na injini kubwa, watu wa vituo hivyo watazidiwa na wengine wakae bure. Kati ya karakana hizi mbili kuna ghala refu la ghorofa, ambamo bodi zilizopakwa hungoja, na kompyuta huzichagua tena moja moja kulingana na uzito wa kazi. Kuanzia hapo foleni haibadilishwi. Kiwanda cha viti kilicho jirani hupewa orodha hiyo, na saa chache baadaye viti hufika kwa mpangilio uleule, cha kijivu kwa gari la 41, cheusi kwa gari la 42.

Uunganishaji huanza kwa kuvua milango. Huning'inizwa na kwenda mstari wake yenyewe kufungwa vioo na spika, ili watu waingie ndani ya bodi bila kuigonga. Shada la nyaya, lenye urefu wa kilomita kadhaa likinyooshwa, huingizwa likiwa limepashwa joto ili lisiwe gumu. Hufuata zulia na dashibodi, ambayo huja ikiwa imekamilika na kuingizwa kwa mkono wa mashine kupitia tundu la mlango. Kioo cha mbele hupakwa gundi na roboti, kwa kuwa mstari wa gundi usipokuwa sawa maji yatapita. Kituo maarufu kuliko vyote ni kile ambapo bodi inayoning'inia hushushwa juu ya injini, ekseli na mabomba ya ekzosi yaliyopangwa tayari juu ya kitoroli, au, kwa gari la umeme, juu ya betri iliyo chini ya sakafu yote. Bolti chache nene hufungwa, na kuanzia hapo bodi na mwendo wake ni kitu kimoja.

Spana za uunganishaji ni mashine zenye kumbukumbu. Hukaza hadi kipimo kilichowekwa, hupima pembe ya mzunguko, na kutuma matokeo kwenye faili la gari husika. Bolti ya mkanda wa usalama isipofikia kipimo, mkanda wa kiwanda haulipishi gari. Kwenye rafu, taa ndogo huwaka mbele ya kisanduku cha kipuri kinachohitajika na gari lililofika, na mkono ukienda kwingine, kengele hulia. Vifaa vya namna hii vimetokana na imani kwamba mtu mwangalifu pia hukosea, na kituo kinapaswa kupangwa hivi kwamba kosa lishindwe kuingia.

Juu ya kila kituo cha viwanda vinavyofuata utaratibu wa Toyota kuna kamba au kitufe. Mfanyakazi anayeona tatizo huivuta, taa ya namba ya kituo chake huwaka na wimbo hulia. Kiongozi wa timu huwa na sekunde chache za kufika, kabla gari halijavuka mstari wa kituo. Wakilitatua, mkanda hausimami kabisa. Wasipolitatua, husimama wenyewe. Chimbuko lake ni mtambo wa kufuma wa Sakichi Toyoda wa mwaka 1924, uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika. Meneja aliyefunzwa kuhesabu magari tu huona kusimama huko ni hasara. Ila kosa linaloondoka kwenye kituo chake hufunikwa na zulia, dashibodi na viti, na kulifuata baadaye huchukua saa badala ya dakika, kwa hiyo hesabu ya kamba ni sahihi kuliko hesabu yake.

Utaratibu wa Toyota huishi pia na akiba ndogo ya vipuri, na udhaifu wa jambo hilo ulionekana tarehe 1 Februari 1997, moto ulipoteketeza kiwanda cha Aisin Seiki huko Kariya, Japani, kilichotengeneza vali ndogo ya breki iliyotumiwa na karibu magari yote ya Toyota. Akiba iliyokuwepo ilitosha saa chache tu. Ndani ya siku chache viwanda vingi vya Toyota nchini humo vilikuwa vimesimama. Makampuni mengi ya jirani, yakiwemo Brother inayojulikana kwa cherehani, yaligawana michoro na kuanza kutengeneza vali hizo kwa mashine yalizokuwa nazo, na kazi ikarejea katika muda wa wiki moja hivi. Kuishi na akiba ndogo kuliwezekana kwa sababu ya majirani waliozoea kufanya kazi pamoja, jambo ambalo waigaji wengi wa utaratibu huo husahau kulijenga kwanza.

Gari likishajazwa mafuta, maji na dawa ya breki, hushuka kwenye mkanda kwa tairi zake. Hunyooshwa magurudumu, taa hulengwa, huendeshwa juu ya rola kupima breki na mwendo, hunyeshewa mvua bandia, kisha hupitishwa kwenye njia yenye mawe na matuta huku dereva akisikiliza milio. Idadi ya magari yanayofaulu mara ya kwanza bila kurekebishwa ndiyo kipimo cha kweli cha kiwanda.

Usiku na mwishoni mwa wiki kiwanda huwa cha mafundi wa matengenezo. Kompresa, mabomba ya maji baridi, transfoma, minyororo ya mikanda na kompyuta za kuongoza roboti hukaguliwa wakati mkanda umelala, na kazi kubwa husubiri likizo ya mwaka. Uzito wa kazi yao ulionekana Aprili 2022, mafuriko yalipoingia kiwanda cha Toyota cha Prospecton, Durban. Maji na tope viliharibu mota, nyaya na makabati ya umeme, na uzalishaji ulisimama kwa miezi, kwa kuwa kila kabati lilipaswa kusafishwa au kubadilishwa na kila roboti kufundishwa upya mahali pake.

Viwanda vya Afrika Mashariki huanzia upande wa mwisho wa mnyororo huu. Kenya ilianzisha viwanda vyake vya Nairobi, Thika na Mombasa katikati ya miaka ya 1970, na hadi leo hupokea gari likiwa vipande ndani ya makasha: kabini ya dereva, chesisi, injini, ekseli. Muda wa kituo huko huhesabiwa kwa makumi ya dakika au saa, vitoroli huweza kusukumwa kwa mkono, na mfanyakazi mmoja hujua kazi nyingi. Si kwamba mafundi wamepungukiwa. Gharama ya kalibu za gari la aina moja inahitaji kugawanywa kati ya mamia ya maelfu ya magari, na mstari wa rangi unaokimbia nusu ya siku hula zaidi ya nusu ya joto la unaokimbia siku nzima. Soko linalonunua maelfu machache ya gari la aina moja kwa mwaka haliwezi kuibeba presi, lakini linaweza kubeba spana, vishikizo na mtu mwenye ujuzi.

Ndiyo maana pia malori, mabasi na pikapu hutangulia magari madogo. Chesisi yao ni mihimili iliyonyooka, na mwili wa basi huweza kujengwa kwa mabomba ya chuma yaliyochomelewa na bati lililokunjwa kwa mashine rahisi, kazi ambayo watengeneza bodi za mabasi nchini Kenya wameifanya kwa miongo kadhaa bila kalibu hata moja ya tani kumi. Vipuri vinavyotengenezwa hapahapa navyo hufuata hesabu hiyo: betri, springi za bapa, viti, radieta, mashada ya nyaya na vioo. Vyote hutumiwa pia kukarabati magari yaliyokwisha kuwepo barabarani, kwa hiyo soko lake haliishii kwenye lango la kiwanda kimoja.